Hivi U2 wamewezaje kukaa pamoja tangu 1976 bila kuvunjika?

#1 Kobe wa Magomeni
Wakuu salama? Naleta mada. U2, ile bendi ya roki ya Dublin, ilianza 1976 watoto wakiwa bado shuleni. Mpaka leo ni walewale wanne: Bono anaimba, The Edge gitaa, Adam Clayton besi, Larry Mullen dramu. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyezikwa na unga, hakuna aliyejitoa kwenda kufungua bendi yake. Beatles waliachana. Police waliachana wakiwa juu kabisa. Oasis walikuwa ndugu wa tumbo moja na bado wakafika hatua ya kutosalimiana.

Madai yangu ni haya: siri ni hela. Tangu mwanzo muziki wao unaandikwa kwa jina la bendi na mirabaha inagawanywa sawa. Anayesimama mbele na anayekaa nyuma ya ngoma wanatoka na fungu lilelile. Mengine mapambo tu. Mnaobisha njooni na hoja, matusi pita kushoto.

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Wajuzi waje.

#3 Mpiga Besi Mstaafu
Mleta uzi umenigusa. Nimepiga besi miaka mingi kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini, Mombasa. Mkataba wetu na hoteli ulikuwa kwa jina la mwimbaji peke yake. Jumamosi usiku tukishakunja nyaya tunakaa nyuma ya jiko, kwenye makreti ya soda, tunamsubiri atoke kwa mhasibu. Anatoka na bahasha imeshachanwa juu, anatuhesabia pale pale chini ya taa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahasha ile ikiwa imefungwa. Siku mpiga kinanda alipoomba kuona karatasi ya malipo, ndiyo siku bendi ilipokufa. Na tulikuwa wazuri, si kujisifu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa #1 asilimia zote.

#4 Sokomoko
Hoja nyepesi hiyo. R.E.M. wa Marekani nao waligawana sawa, nyimbo kwa majina ya wote wanne. Mpiga dramu wao akaondoka 1997, bendi yenyewe ikafungwa 2011. Kugawana sawa kunapunguza ugomvi wa hela, sawa. Hakumzuii mtu kuchoka kuangalia sura zilezile.

#5 Binti wa Shangani
Na tuweke rekodi vizuri. "Walewale wanne tangu 1976" si kweli. Larry, akiwa na miaka 14, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule ya Mount Temple akitafuta watu wa kuanzisha bendi. Waliokwenda nyumbani kwao Artane, wakabanana jikoni, walizidi wanne. Kaka yake The Edge, Dik Evans, alipiga gitaa nao mpaka 1978. Kwanza walijiita Feedback, kisha The Hype, ndipo wakawa U2.

#6 Kobe wa Magomeni
Sasa kaka mtu aliondoka kabla hawajatoa hata rekodi moja nayo mnanihesabia? Hoja iko palepale. Mpiga Besi Mstaafu nakushukuru, wewe umeonja.

#7 Karani Mstahiki
Mimi naona ni suala la asili. Waayalandi wana mshikamano, na hawa wote wamezaliwa mtaa mmoja wa Dublin. Mtu mliyelelewa naye mtaa mmoja humwachi.

#8 Baridi ya Liffey
Karani, kati ya wanne hao, wawili hawakuzaliwa hata Ayalandi. The Edge kazaliwa Barking, Uingereza, wazazi wake watu wa Wales. Adam Clayton kazaliwa Oxfordshire, huko huko Uingereza. Waliletwa wakiwa wadogo. Hata mtaa haukuwa mmoja: Bono alikuwa Cedarwood Road upande wa Ballymun, Larry Artane, hao wengine wawili Malahide kwenye unafuu kidogo.

Kilichowakutanisha ni shule. Mount Temple ilichanganya Wakatoliki na Waprotestanti, kitu kilichokuwa adimu Ayalandi ya wakati ule. Baba yake Bono alikuwa Mkatoliki, mama Mprotestanti, akakulia katikati ya pande mbili. Ukiwatazama vizuri kila mmoja alikuwa mgeni kidogo mahali fulani. Watu wa namna hiyo wakipata pao hawapaachi upesi.

Halafu kuna jambo ambalo watu huku hulitaja kwa sauti ya chini. Bono alifiwa na mama yake 1974, alianguka kwenye maziko ya baba yake mzazi, yaani babu yake Bono. Yeye Bono alikuwa na miaka 14. Larry naye akafiwa na mama bendi ikiwa changa. Wavulana wawili wasio na mama kwenye bendi ya watu wanne. Mimi naamini pale palizaliwa kitu ambacho mkataba haukiandiki.

#9 Siti ya Dirishani
Baridi ya Liffey hawezi kumaliza mchango bila kutukumbusha kwamba "huku" ni Ulaya 😂 Lakini umetisha.

#10 Gitaa Kavu
Mnatafuta siri kwenye hela na misibani. Mimi nawaambia kama mpigaji, siri iko mikononi.

The Edge hapigi zile solo ndefu za kuonyesha vidole. Anapiga noti chache sana, pedali ya mwangwi inamalizia. Anachofanya ni kuuchelewesha mwangwi kwa robo tatu ya pigo. Yeye anapiga noti mbili kwa kila pigo, mwangwi unarudi na kudondokea kwenye uwazi ulioko kati ya noti, basi wewe unayesikiliza unasikia nne. Jaribuni nyumbani, mtacheka. Mkono unafanya kazi ndogo, sauti inajaa chumba.

Sasa tatizo ni hili: mwangwi haukusubiri. Mpiga dramu akiyumba hata chembe, noti zinagongana na inakuwa kelele. Ndiyo maana Larry, aliyepitia bendi ya maandamano ya mitaani akiwa kijana, anapiga kama askari. Na Adam, kwa sababu gitaa linaelea juu huko, yeye anakaa chini na noti zilezile nne anazirudia mpaka zinakuwa sakafu. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa fundi wakati wanaanza. Walijifunza pamoja, makosa ya huyu yakazibwa na ya yule. Mtoe mmoja, mweke fundi wa kukodi, utapata muziki safi kabisa ambao si U2. Hawaachani kwa sababu kila mmoja akienda peke yake ni mwanamuziki wa kawaida.

#11 Mpiga Besi Mstaafu
Hapo kwenye noti nne za besi umenitukana kwa adabu, lakini ni kweli.

#12 Sokomoko
Gitaa Kavu, maelezo matamu ila ukweli unakukatalia. Las Vegas, ule ukumbi wa duara wa Sphere, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024 walipiga maonyesho 40. Larry hakuwepo hata kwenye moja, alikuwa anajiuguza baada ya upasuaji. Nyuma ya ngoma alikaa Mholanzi, Bram van den Berg. Watu walikuja vilevile, wakalipa vilevile. "Mtoe mmoja" walishamtoa, na mbingu haikuanguka.

Na kabla ya hapo Sydney, Novemba 1993, Adam alilewa akashindwa kupanda jukwaani. Fundi wake wa magitaa ndiye aliyepiga besi usiku ule.

#13 Gitaa Kavu
Watu walikwenda Las Vegas kuangalia ukuta wa picha, mkuu. Ungeweka hata kwaya ya kijiji wangelipa.

Na hiyo ya Sydney umeikata katikati. Kesho yake Adam alirudi, na usiku huo wa pili ndio uliorekodiwa kwa ajili ya televisheni. Baadaye akaacha pombe moja kwa moja. Bendi nyingine jamaa angekuta barua mlangoni. Wao walimvumilia. Kwa nini? Rudi #10.

#14 Kobe wa Magomeni
Au rudi #1. Mtu mwenye robo ya kila kitu humfukuzi kirahisi, ni gharama.

#15 Dada wa Alto
Habari zenu. Nashangaa michango yote hii hakuna aliyetaja imani. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Bono, The Edge na Larry walikuwa kwenye kikundi cha maombi pale Dublin kilichoitwa Shalom. Adam hakuwemo. Kikundi kikaanza kuwaambia muziki wa roki na wokovu havikai nyumba moja. The Edge alifikia kutaka kuacha kabisa. Hapo ndipo bendi ilikuwa karibu kufa kuliko wakati wowote, na hakukuwa na ugomvi wa hela hata kidogo, maana hela yenyewe haikuwepo.

Walitoka kwenye kikundi, imani wakabaki nayo. Mimi nimeimba kwaya tangu sekondari, najua: watu mnaosali pamoja mna lugha ya kusameheana ambayo wenzenu hawana.

#16 Sokomoko
Dada wa Alto, kwaya ndizo zinaongoza kwa kumeguka Afrika Mashariki nzima. Mtaa wetu kuna tatu, zote zimetoka kwenye moja.

#17 Dada wa Alto
😅 Hapo sina la kusema. Sisi tulimeguka kwa sababu ya sare.

#18 Binti wa Shangani
Mnamsahau meneja. Paul McGuinness aliwachukua 1978 akakaa nao mpaka 2013. Yeye hakuwa rika lao, aliwazidi miaka kumi hivi. Ukisoma habari za bendi nyingi, anayezivunja ni meneja anayemnong'oneza mwimbaji kuwa "wewe ndiye bendi". Huyu alifanya kinyume.

Na mikataba aliijua. Katikati ya miaka ya 80 walijadiliana upya na kampuni ya Island, wakapata haki za kazi zao wenyewe. Baadaye Island ilikwama kuwalipa mirabaha, mamilioni ya dola, ikawapa sehemu ya umiliki wa kampuni badala yake. 1989 Island ikauzwa kwa PolyGram, nao wakavuna. Wasanii wangapi wa umri ule walikuwa na hisa kwenye kampuni inayowarekodi?

#19 Kobe wa Magomeni
Si nilisema hela?

#20 Binti wa Shangani
Nimesema meneja. Hela ilikuja kwa sababu ya meneja. Tuliza mshono.

#21 Kanda ya Chrome
Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi ni wa enzi za kanda, na nasema wote mnazunguka. Bendi inakaa kwa sababu inabadilika. Mwaka 1987 walikuwa wakubwa kuliko wote, The Joshua Tree ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. 1988 wakatoa albamu na filamu ya kuzunguka Marekani, wakosoaji wakawachana kwa kujifanya wao ndio wamegundua blues. Mwisho wa 1989 Bono akasema jukwaani hapo Dublin kuwa wanakwenda pembeni kuota upya kila kitu. Watu wakadhani ndiyo kwaheri.

Oktoba 1990 wakaenda Berlin, studio za Hansa karibu na ulipokuwa Ukuta. Walitua usiku Ujerumani mbili zinaungana. Na wao wakaanza kutengana! Bono na The Edge wanataka mashine, midundo ya disko, kelele za viwandani. Larry na Adam wanauliza, sasa sisi kazi yetu nini? Larry anaingia studio anakuta mashine ya ngoma imeshapangwa. Ndoa ya The Edge nayo ilikuwa imevunjika kipindi hicho hicho. Majuma yanapita, hakuna wimbo. Siku moja The Edge akawa anahangaika na kipande cha wimbo mwingine kabisa, akaunganisha kodi fulani za gitaa, wenzake wakadakia, "One" ukapatikana pale pale. Albamu yenyewe, Achtung Baby, ilitoka 1991, na mpaka leo kuna watu wanabishana kama ndiyo bora yao au ile ya 1987.

Niliposikia ile kanda mara ya kwanza nilidhani mashine yangu inakula utepe. Nikaitoa, nikaikagua, iko sawa. Gitaa la mwanzo lilikuwa limeharibiwa makusudi.

#22 Gitaa Kavu
Kanda ya Chrome umenikumbusha mbali sana.

#23 Karani Mstahiki
Kwa hiyo wimbo mmoja ndio uliookoa bendi? Bahati basi. Naongeza kwenye orodha: hela, misiba, mwangwi, maombi, meneja, bahati.

#24 Sokomoko
Weka na ukaidi. Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, Julai 1985, Wembley, dunia nzima inaangalia. Walipangiwa nyimbo tatu. Bono katikati ya wimbo wa pili akashuka jukwaani kwenda kumtoa binti kwenye msongamano, akacheza naye, wimbo ukafika karibu dakika 12, wimbo wa tatu ambao ndio ulikuwa hit yao ukakosa nafasi. Wenzake jukwaani hawamwoni, hawajui kama karudi au kaenda nyumbani, wanapiga tu. Walimkasirikia vibaya. Siku chache baadaye ikaonekana ndicho kipande watu walichokikumbuka. Sasa niambieni, bendi yenye mtu kama huyo inakaaje miaka yote hii? Mimi sina jibu, naleta ushahidi.

#25 Matatu ya Usiku
Wasee niaje, nachangia kutoka Nairobi. Huku kwetu Simba Wanyika ilimeguka 1978, Les Wanyika ikatoka humo. Mwaka huohuo U2 ndio wanapata jina. Na kusema kweli sisi wasikilizaji tulifaidika na ule ugomvi, tukapata bendi mbili tamu badala ya moja. Mbona mnaongea kama kuvunjika ni dhambi?

#26 Mpiga Besi Mstaafu
Hoja nzito hii. Sikinde pia ni ya 1978, rika moja na U2. Katikati ya miaka ya 80 Safari Sound ya Hugo Kisima ikawavuta wanamuziki wake kadhaa kwa mpigo. Sikinde haikufa. Jina lilibaki, watu wakabadilika. Kwetu bendi ni kama timu ya mpira, wachezaji wanahama. Kwa U2 bendi ni wale watu wanne, wakiondoka jina halina maana. Labda tunalinganisha vitu viwili tofauti.

#27 Mwana Meru
Mimi sipendi roki ila huyo Bono namkumbuka. Juni 2007 alikuwa hapa Arusha kwenye mkutano wa TED. Andrew Mwenda, mwandishi wa Uganda, alipanda jukwaani akaponda misaada ya wazungu kwa Afrika, Bono akawa anampigia kelele kutoka kwenye viti. Gumzo lilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa upande wa Mwenda.

#28 Dada wa Alto
Ila tusisahau kampeni ya kufutiwa madeni, Jubilee 2000. Bono alizunguka kwa wakubwa wa Washington akibembeleza. Tanzania ikapata msamaha 2001, na kipindi hicho ada ya shule ya msingi ikafutwa. Wadogo zangu wawili walianza darasa la kwanza kwa sababu hiyo.

#29 Mwana Meru
Acha chai. Ada ilifutwa na serikali ya Mkapa, na ile kampeni ilikuwa ya makanisa na watu wengi, si ya mwimbaji mmoja mwenye miwani.

#30 Dada wa Alto
Nimesema alibembeleza, sikusema alifuta.

#31 Baridi ya Liffey
Watu wa huku wana kinyongo kingine. Ayalandi ilikuwa na msamaha wa kodi kwa kipato cha wasanii. Serikali ilipouwekea ukomo wa yuro 250,000 kwa mwaka, mwaka 2006 U2 wakahamishia biashara yao ya hakimiliki Uholanzi. Anayewaambia marais watoe zaidi kwa maskini, mwenyewe anakwepesha. Dereva wa teksi yeyote Dublin atakupa hotuba nzima kabla hujafunga mkanda. Halafu huyo huyo dereva atakwambia mwaka gani aliwaona wakipiga kwenye ngome ya Slane na alisimama wapi.

#32 Siti ya Dirishani
"Huku" imerudi 😂

#33 Mrembo wa Kibada
Samahani, hawa ndio wale vijana wanaokaa kwenye vigoda halafu wakifika mwisho wa wimbo wanasimama wote?

#34 Gitaa Kavu
Mungu wangu.

#35 Binti wa Shangani
Hao ni Westlife, dada. Ni Waayalandi kweli, wengi wao kutoka Sligo. Walianza 1998, wakaachana 2012, wakarudi 2018. Si roki.

#36 Mrembo wa Kibada
Kumbe. Basi mimi nabaki na Westlife wangu.

#37 Sokomoko
Turudi kwenye mada. Kuna swali hamjajibu: je, kweli bado ni bendi? Septemba 2014 waliingiza albamu yao kwenye akaunti milioni 500 za iTunes bila kuombwa, watu wakatafuta jinsi ya kuifuta. Mwaka 2023 wakarekodi upya nyimbo zao 40 za zamani. Ziara ya 2009 hadi 2011 iliuza tiketi zaidi ya milioni 7 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 700, rekodi iliyodumu mpaka Ed Sheeran alipoivunja. Mashine ya ukubwa huo haivunjiki kwa sababu imeajiri watu wengi mno. Ni kampuni yenye wakurugenzi wanne.

#38 Kanda ya Chrome
Kampuni haiendi kupiga muziki Sarajevo. Septemba 1997, vita ya Bosnia imeisha juzi tu, waliingiza vifaa vyote vya ziara yao na kupiga uwanja wa Koševo, sauti ya Bono imekauka, watu wa pande zilizokuwa zinauana wamesimama pamoja. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya kura ya amani ya Ireland Kaskazini, Bono aliwapandisha Hume na Trimble, viongozi wa kisiasa wa pande mbili zilizokuwa zinapingana huko, jukwaani Belfast akawainua mikono. Mhasibu gani angeshauri hayo?

#39 Sokomoko
Mhasibu mzuri.

#40 Mpiga Besi Mstaafu
Mimi nataka kujua jambo moja tu la ndani. Wakigongana wawili kwa wawili, kama kule Berlin, nani anaamua? Sisi tulikuwa watano tukawa tunapiga kura. Wanne hampigi kura, mnakwama.

#41 Kobe wa Magomeni
Wanakwama mpaka mmoja achoke. Albamu zao za karibuni zinachukua miaka mitatu, minne, mitano. Unadhani wanafanya nini muda wote huo?

#42 Gitaa Kavu
Wanatafuta noti ya tano ya Adam.

#43 Siti ya Dirishani
Kwa tusiowajua kabisa, tuanze na albamu ipi?

#44 Kanda ya Chrome
Achtung Baby, 1991. Usiku, sauti juu, taa zimezimwa.

#45 Gitaa Kavu
Usimpoteze mtoto wa watu. Aanze na Boy ya 1980, walipokuwa hawajui kitu. Ndipo atakapousikia mwangwi ukiwa mtupu.

#46 Kanda ya Chrome
Boy akiianza ataishia wimbo wa tatu. Njoo tubishane vizuri, fungua uzi mpya.